Ufa Nyuma ya Kioo

Nilisimama ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha bati cha muuza vocha, nimemkumbatia binti yangu kifuani huku mvua ikinichapa miguuni. Nilikuwa salama. Hilo ndilo linalonijia kwanza kila ninapoikumbuka siku ile: kwamba mimi na mwanangu tulikuwa salama, na kwamba usalama wenyewe ulikuwa mchungu mdomoni kama kidonge kilichokwama kooni. Mbele yetu jengo letu lilisimama vilevile lilivyosimama miaka yote, nguo za watu zimesahauliwa kwenye kamba za roshani, maji yakichuruzika juu ya kuta zilizokuwa nyeupe zamani. Ghorofa ya nne, nyuma ya pazia la bluu, alikuwa amelala mama mkwe wangu, nyonga imevunjika, hawezi hata kujigeuza ubavu.

Muuza vocha aliniuliza kama mtoto anaumwa. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama kuna mtu ninamngoja. Nikalitazama lile pazia la bluu.

Tulihamia nyumba ile kwa sababu ya mwanga. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, mtu anayeishi wiki nzima ndani ya kibanda cha gari, na alitaka akirudi alale mahali penye madirisha makubwa. Mimi ni msusi. Sebule ndiyo niliyoifanya saluni: stuli nzito ya mbao, meza ya vitana na mafuta, na kioo kikubwa ukutani. Wateja walipanda ngazi wakinilaani, wakafika juu wanahema kama waliokimbizwa, lakini wakishuka walikuwa wanatembea polepole ili waonekane. Niliipenda nyumba ile. Sitaki mtu adhani kwamba niliingia nikiwa natafuta sababu ya kutoka.

Ufa niliuona mara ya kwanza nilipokuwa napangusa ukuta. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na unywele naujua. Nilihamisha kioo kidogo kuelekea kushoto, nikaufunika, nikaendelea na kazi zangu. Mteja akikaa kwenye stuli hutaka kuona uso wake, hataki kuona ukuta wa mtu. Lakini kabla masika hayajaanza, ufa ulikuwa umechungulia chini ya kioo, kisha ukatokeza juu yake. Mteja wangu mmoja, mwanamke mwenye ulimi usio na kifuniko, alisema, "Dada, kioo chako kimeota mizizi." Tulicheka sote. Baada ya siku ile hakurudi tena kusukwa kwangu.

Nilimwambia mume wangu. Akavua viatu, akanionyesha miguu yake. Visigino vyangu vina nyufa tangu nilipokuwa kijana, alisema, na bado natembea. Nilimwambia mwenye nyumba. Yeye alikuwa mtu wa tabasamu na manukato, aliyependa kugusa kuta zake kama anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa. Alimleta fundi na ndoo ya saruji, ufa ukazibwa, ukapakwa rangi, naye akanikumbusha ule msemo wa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi nimeziba, alisema, lala usingizi. Msemo ule hausemi mtu afanye nini ufa ukishazibwa halafu ukarudi. Wetu ulirudi baada ya mvua mbili, mahali palepale, na safari hii kidole changu kidogo kiliingia hadi kwenye kucha.

Akaja pia bwana mmoja wa halmashauri, kijana mpole mwenye kofia ngumu na kinyundo. Aligonga huku, akagonga kule, akashuka hadi chini kwenye nguzo, akapanda tena. Nilimpa maji ya kunywa. Alikunywa akiutazama ukuta, na nilipomuuliza aliniambia neno ambalo hadi leo nalihesabu kuwa la kweli kuliko yote niliyoambiwa siku zile.

"Mama, siwezi kukuambia kwamba litaanguka. Na siwezi kukuambia kwamba halitaanguka."

Kisha akaenda zake, nami nikabaki na neno lake kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake.

Hapo ndipo mama mkwe alipoanguka bafuni kwake, tukamleta akae nasi. Alikuwa amefanya kazi ya uhudumu katika wodi ya wazazi ujana wake wote, amewapokea watoto wa watu wasio na idadi, na alikuwa na ule ukimya wa wanawake walioona mengi. Mimi na yeye hatukuwa maadui wala hatukuwa marafiki. Tulikuwa wanawake wawili tunaompenda mtu mmoja ambaye mara nyingi hayupo. Daktari aliagiza asiinuliwe wala asikalishwe mpaka mfupa uanze kushika. Akigeuzwa ovyo, alisema, huyu hatatembea tena. Kitanda chake tulikiweka katika chumba cha pili, kichwa kikiegemea ukuta. Ulikuwa ukuta uleule. Kioo changu upande mmoja, kichwa chake upande wa pili. Chumba kilikuwa chembamba na kitanda hakikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Sijui kama umewahi kuishi na hofu ndani ya nyumba. Haipigi kelele. Inakufundisha tabia mpya taratibu, hadi siku moja unajikuta wewe ni mtu mwingine. Niliacha kuimba wakati wa kusuka ili niweze kusikiliza. Vyombo niliviosha kimoja kimoja bila kuvigonganisha. Lori likipita barabarani na madirisha yakatikisika, mikono yangu iliganda katikati ya nywele za mtu, na mteja akauliza, vipi, umepoteza njia? Nililala na gauni la mchana. Funguo niliziacha mlangoni, kwa ndani. Mtoto akikimbia sebuleni nilimkaripia, na alipoanza kutembea kwa kunyata bila kuambiwa, nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu nilijiona nimempa urithi wangu mapema mno.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake bila kupumua. Asubuhi mlango wa chumba cha mama mkwe ulikataa kufunguka, nikausukuma kwa bega ukaachia. Nilimpa chai, nikamfuta uso, tukaongea mambo ya mvua. Hakuja mteja. Mchana nilikuwa nimekaa sakafuni nachambua maharage, binti yangu pembeni akimsuka mwanasesere wake, niliposikia ule mlio. Ulitoka ndani ya ukuta, mfupi, kama mtu aliyevunja kuni kavu kwenye goti. Kioo kilitetemeka. Vumbi jeupe likashuka polepole juu ya meza ya vitana.

Nilimpigia simu mume wangu. Alikuwa njiani, injini inanguruma, sauti yake inakuja na kupotea. Nilimwambia nataka kumshusha mama chini. Alipiga kelele ili asikike.

"Usimguse mama! Daktari alisema nini? Nafika kesho. Nisubiri."

Simu ikakatika. Nilikuwa bado nimeishika sikioni nilipomsikia mama mkwe akiniita kutoka chumbani, kwa sauti yake ya kila siku, kama anayeomba maji.

"Mpeleke mtoto chini," alisema.

Nilimbeba binti yangu, nikashuka ngazi zote bila kuzihisi, nikavuka barabara, nikajikuta chini ya kibanda cha muuza vocha.

Basi pale ndipo nilipokuwa, na pale ndipo sehemu ngumu ilipoanza. Kila mtu alikuwa amenipa ruhusa ya kutopanda tena. Daktari alisema asiguswe. Mume wangu alisema nisubiri. Mwenye nyumba alisema nilale usingizi. Hata yeye mwenyewe, mgonjwa, hakusema nirudi. Kama jengo lingesimama, ningekuwa nimemlemaza mama wa watu kwa ajili ya mlio. Kama lingeanguka nikiwa ngazini, mwanangu angelelewa na muuza vocha. Niliyageuza hayo kichwani, na kila nilipoyageuza yalitoka na jibu moja: kaa hapo hapo. Akili yangu yote ilikuwa upande wa kukaa. Mpaka leo nikijiuliza ni kitu gani kilichonipandisha, sipati jina lake. Haukuwa ushujaa. Nadhani niliwaza tu kwamba amelala peke yake anausikiliza ule ukuta, na kwamba hana hata uwezo wa kuupa mgongo.

Nilimkabidhi mtoto kwa muuza vocha. "Nishikie."

"Unarudi saa ngapi?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeshavuka.

Ngazini nilikutana na fundi viatu wa ghorofa ya pili, jitu la miraba minne tulilokuwa tukiliita Soli, mtu wa mzaha asubuhi na jioni. Aliniona nimelowa, akaniuliza nani kanimwagia maji. Nilimwambia amtoe mkewe na watoto, jengo linavunjika. Akafungua kinywa acheke. Kisha akanitazama usoni, na kicheko kikamfia mdomoni. Hakuniuliza nimejuaje. Aligeuka akaingia kwake, na kabla sijafika ghorofa ya tatu nilimsikia akigonga milango ya watu kwa ngumi. Hofu ilikuwa imenitoka mimi ikamwingia yeye, lakini kwangu haikupungua hata tone.

Mlango wa chumba cha mama mkwe haukufunguka. Nilisukuma kwa bega, nikasukuma kwa mgongo. Fremu ilikuwa imekaa upande, kama mdomo wa mtu aliyepooza.

"Rudi chini," alisema kutoka ndani.

"Mlango umekwama, mama. Ngoja."

"Nimesema rudi. Mimi nimeshaishi."

Nilichukua stuli yangu ya kusukia. Ilikuwa ya mbao ngumu, niliyoirithi kwa msusi aliyenifundisha kazi, na niliipiga kwenye ule mlango wa mbao nyepesi mpaka ikapasua tundu, nikapiga tena mpaka tundu likawa njia. Vibanzi vya mbao vilinichoma mikononi. Nilipoingia alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni, macho yake yako darini. Juu ya kichwa chake ufa ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha kiganja, na ndani yake niliona giza.

Aliniambia sitaweza. Nikamwambia nimeshabeba vizito kuliko yeye, jambo ambalo halikuwa kweli. Nilimkalisha. Sauti iliyomtoka sitaieleza. Nilipiga magoti nikampa mgongo, nikamvuta juu yangu, nikazungusha shuka chini ya mapaja yake na kulifunga kifuani kwangu, mafundo mawili, kama mtoto anavyobebwa. Nilipoinuka dunia ilizunguka. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani na mzito kuliko nilivyoweza.

Ngazi zilikuwa zimejaa watu wanaokimbia na magodoro, na televisheni, na kuku. Walinipita kushoto na kulia. Nilishika reli kwa mkono mmoja na mguu wake mbovu kwa mkono wa pili, nikishuka ngazi moja, nasimama, ngazi moja, nasimama. Kwenye kila kona mguu ulitikisika, naye akaniuma begani kupitia gauni ili asipige kelele. Kovu ninalo. Nilikuwa nasali, au nilidhani nasali. Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa narudia tu neno "taratibu, taratibu," na kwamba si mimi niliyelianza. Ni yeye aliyekuwa akininong'oneza sikioni, kwa sauti aliyokuwa akiwapa wanawake wenye uchungu kule wodini.

Tukatoka. Mvua ikatupokea. Watu wawili walinifungua shuka, tukamlaza juu ya godoro la mtu kando ya kibanda, na jirani akatandaza nailoni juu yake. Binti yangu alikuja akamshika bibi yake kidole. Kisha sote, watu wa jengo zima, tukageuka tukalitazama jengo letu, tukingoja lianguke.

Halikuanguka.

Tulilitazama mpaka shingo zikauma. Mvua ilipungua, ikawa manyunyu, ikakatika. Wingu likafunguka, na jua la alasiri likapiga kwenye madirisha, jengo likang'aa kama limeoga. Mtoto mmoja aliuliza kama bado. Mtu akacheka, kisha mwingine. Mwenye nyumba alifika na mwavuli wake, akawauliza watu wazima wenye akili zao wanafanya nini barabarani na magodoro, na wote wakanitazama mimi. Soli ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua godoro lake. Alipopita karibu yangu hakunitazama usoni. Kufika jioni alikuwa ameshanipa jina, Mama Poromoka, na jina lilininata, likanifuata mpaka sokoni.

Hospitali walisema mfupa umehama. Walimpasua, wakaweka chuma, lakini hakutembea tena.

Mume wangu alifika kesho yake, moja kwa moja kutoka barabarani, macho mekundu. Alisimama kwenye korido ya wodi, akasikiliza maelezo ya daktari hadi mwisho, akanigeukia. Si mtu wa maneno makali. Pengine ndiyo sababu yale aliyosema yalikaa.

"Umemvunja mama yangu kwa ajili ya ufa."

Ningesema nini? Jengo lilikuwa limesimama. Ndani ya lile jengo watu walikuwa wanapika, wanagombana, wanaangalia taarifa ya habari. Shahidi wangu pekee alikuwa mlio, na mlio ukishapita haupo. Aliniambia tutarudi nyumbani mama akiruhusiwa. Nikamwambia mimi sirudi. Akasema basi atarudi yeye na mama yake na mtoto. Nikamwambia mtoto harudi. Tulikuwa tunanong'ona, kwa sababu ya wagonjwa, na kunong'ona kulifanya maneno yawe mabaya zaidi.

Kwa majuma kadhaa aliishi kule peke yake kila alipotoka safari. Mimi na mtoto tulikaa kwa dada yangu, chumba kimoja cha chini. Kila asubuhi nilimpigia simu kabla sijanawa uso, naye akapokea na kusema neno moja tu, "Nipo," akakata. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba siku moja itaita bila kupokelewa, na kwamba hapo nitakuwa nimeshinda ubishi. Mtu asiombewe kushinda ubishi wa namna hiyo.

Aliyeukata ubishi wetu ni mama mkwe. Siku ya kuruhusiwa alimwita mwanawe akae kitandani, na mimi nilikuwa pale nakunja nguo zake. Mume wangu alikuwa anamweleza kwamba chumba chake kimetengenezwa, mlango mpya, ukuta umepigwa lipu, kitanda kiko tayari. Alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa utulivu wake uleule, kwamba yeye ule ukuta ameusikia kabla ya mtu yeyote. Kichwa chake kilikuwa pale. Tangu juma la kwanza alikuwa akiusikia ukitafuna, kidogo kidogo, kama panya, kisha kama mbwa.

Mume wangu aliuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, mngenibeba," alijibu. "Na wa kunibeba asingeweza kukimbia. Nilimwambia Mungu, wacha wao wawahi, mimi unikute hapa." Akanitazama mimi, mara ya kwanza nadhani kunitazama kwa muda mrefu hivyo. "Huyu akarudi. Sasa wewe ukitaka kwenda kule nenda. Mimi nitakaa anapokaa yeye."

Muuguzi alipokuja na kiti cha magurudumu, mume wangu alikipokea, akampakia mama yake, akakisukuma kunifuata mimi.

Tulipata vyumba viwili vya chini, vyenye madirisha madogo na jirani anayefuga bata. Wateja wangu wa zamani hawakunifuata. Nilianza upya, na stuli ya plastiki. Mama mkwe aliishi nasi miaka mingine, kwenye kiti chake, akichambua nywele za bandia mapajani kwake na kuwapa wateja wangu wajawazito ushauri ambao hawakuuomba. Alifariki usingizini, kitandani kwake, chumba kikiwa kimetulia. Kuna siku nilimuuliza kama anajuta kwamba nilimbeba. Alisema mguu wake unajuta.

Na jengo? Lipo. Waliliongezea nguzo mbili kwa chini, wakalipaka rangi ya machungwa, ghorofa ya kwanza sasa ni duka la simu. Soli bado anaishi pale na wajukuu. Nimeishi muda mrefu nikingoja litoe ushahidi wake, upande wangu au upande wa wengine, na halijatoa. Nilikuwa nadhani siku moja nitajua kama nilifanya sawa. Sasa nafahamu kwamba siku ile sikuulizwa jengo litafanya nini. Hilo hakuna aliyelijua, hata yule kijana wa kinyundo. Niliulizwa mimi nitafanya nini, na nikajibu kwa mgongo. Usiku mwingine hilo hunitosha. Usiku mwingine namsikia mama mkwe pale kwenye kona ya ngazi, meno yake begani kwangu, na halinitoshi.

Juzi tulikuwa tunarudi kutoka kumwona mjukuu, mimi na mume wangu, kwa miguu, kwa sababu daktari amemwambia atembee. Njia fupi inapita palepale, na kivuli kiko upande wa jengo; ng'ambo ni jua kali tupu. Alikuwa ananieleza habari za gari moja bovu alilowahi kulivusha mlimani zamani, habari niliyoisikia mara nyingi. Tulipokaribia duka la simu alinishika kiwiko, akatazama magari kushoto na kulia, akanivusha kwenda upande wa jua, bila kukatisha hadithi yake.